Somo la Kompyuta: Tofauti kati ya Habu na Swichi katika Mtandao wa Shule

Ndugu msomaji, somo letu la leo linahusu vifaa viwili vinavyounganisha kompyuta katika chumba kimoja au jengo moja: habu na swichi. Ukiviweka pamoja mezani, vinafanana kama mapacha. Vyote ni visanduku vyenye matundu ya kuchomeka nyaya, taa ndogo zinazowaka na kuzima, na waya wa umeme. Hata baadhi ya mafundi huviita kwa jina moja. Lakini kazi inayofanyika ndani yake ni tofauti kabisa, na tofauti hiyo inaamua mambo matatu: maabara itakwenda kwa kasi gani, nani anaweza kusoma mambo ya nani, na fedha ya shule itumike kununua nini.

Huenda ukauliza: habu ni kifaa cha zamani, kwa nini tukisome leo? Sababu ni mbili. Kwanza, shule nyingi za vijijini hupokea kompyuta na vifaa vyake kama msaada, vikiwa vimeshatumika kwingine, na katika maboksi hayo habu bado hupatikana. Pili, tabia ya habu haijafa. Iko katika Wi-Fi tunayoitumia kila siku, kama tutakavyoona.

Ili somo lieleweke, tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Chukulia shule ya sekondari iliyoko Kaniha, wilayani Biharamulo, yenye maabara ya kompyuta 20 za wanafunzi, kompyuta moja kubwa inayohifadhi masomo, yaani seva, na ofisi ya walimu yenye mashine ya kuchapia mitihani. Vyote vimeunganishwa kwa nyaya kwenye kisanduku kimoja. Shule hii ni ya mfano tu, lakini hali yake si ngeni kwa wasomaji wa Biharamulo na Ngara.

Mwisho wa somo hili uweze:
- kueleza jinsi habu na swichi zinavyopitisha data;
- kukadiria kasi ya mtandao wa shule kwa hesabu rahisi;
- kueleza hatari ya habu kwa siri za shule;
- kutambua kifaa ulicho nacho na kushauri ununuzi.

1. MSINGI: ETHENETI

Nyaya za maabara zetu hufuata utaratibu unaoitwa Etheneti. Ulibuniwa mwaka 1973 na Bob Metcalfe, akifanya kazi pamoja na David Boggs katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko California, Marekani. Mtandao wao wa kwanza ulikwenda kasi ya megabiti 2.94 kwa sekunde.

Metcalfe alichota wazo kutoka mtandao wa redio wa Chuo Kikuu cha Hawaii ulioitwa ALOHAnet, ulioanza kazi mwaka 1971. Katika mtandao ule, kompyuta za visiwa mbalimbali zilitumia hewa moja kuzungumza. Metcalfe aliweka waya mmoja mnene mahali pa hewa, na kompyuta zote zikaunganishwa kwenye waya huo. Kompyuta moja ikisema, zote zinasikia.

Watu wengi wakitumia njia moja, lazima pawe na adabu ya mazungumzo. Adabu ya Etheneti ya mwanzo ilikuwa hii: sikiliza kwanza, kama njia iko kimya, sema, kama wawili mmeanza pamoja, maneno yamegongana, basi nyamazeni wote, kila mmoja asubiri muda mfupi wa kubahatisha, kisha ajaribu tena. Tukio hilo tunaliita mgongano.

Jambo la pili la msingi ni anwani. Data haisafiri kama mto. Hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa fremu. Kila fremu hubeba anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji. Anwani hiyo, iitwayo anwani ya MAC, ina biti 48 na huandikwa kwa tarakimu na herufi 12, kwa mfano 00-1A-2B-3C-4D-5E. Kwa kawaida nusu ya kwanza humtambulisha mtengenezaji wa kadi ya mtandao na nusu ya pili huitambulisha kadi yenyewe. Kumbuka hili vizuri: anwani ipo ndani ya kila fremu. Swali ni kama kisanduku kilicho katikati kinaisoma au hakiisomi.

2. HABU NI NINI?

Waya mmoja wa pamoja ulikuwa na udhaifu mkubwa: ukikatika mahali pamoja, mtandao wote unalala. Kwa hiyo mafundi walihamia kwenye nyaya nyembamba zilizosokotwa jozi jozi, zinazofanana na za simu. Kiwango cha kimataifa cha nyaya hizo kwa kasi ya megabiti 10 kilitolewa mwaka 1990. Kila kompyuta ikapata waya wake hadi kwenye kisanduku cha katikati. Kisanduku hicho ndicho habu.

Kazi ya habu ni nyepesi. Ishara ya umeme ikiingia kwenye tundu moja (tuliite poti), habu huipa nguvu upya na kuitoa kwenye poti zote nyingine papo hapo. Haisomi anwani wala haina kumbukumbu. Kwa lugha ya wataalamu, habu hufanya kazi katika tabaka la kwanza la mtandao, tabaka la nyaya na umeme.

Fikiria posta. Shule zetu hupokea barua kwa sanduku la posta, na karani huangalia namba ya S.L.P. kabla ya kutumbukiza barua. Sasa fikiria karani asiyejua kusoma namba. Kila barua inapofika, anaitolea nakala na kuweka nakala moja katika kila sanduku la wilaya nzima. Barua yako utaipata, lakini na wengine wote wataipata. Waadilifu wataona jina si lao na kuitupa. Wasio waadilifu wataisoma.

Kutokana na tabia hiyo, habu ina matokeo manne:

(a) Kasi inagawanywa. Habu ya megabiti 10 ina megabiti 10 kwa kompyuta zote, si kwa kila moja.

(b) Kompyuta moja tu husema kwa wakati mmoja. Tena kompyuta haiwezi kutuma na kupokea kwa pamoja. Ni kama redio ya upepo, ukibonyeza kusema huwezi kusikia.

(c) Migongano huongezeka kadiri watumiaji wanavyoongezeka, na kila mgongano ni muda uliopotea.

(d) Kila fremu inamfikia kila mmoja.

3. SWICHI NI NINI?

Usichanganye swichi hii na ile ya ukutani ya kuwashia taa. Swichi ya mtandao ni kisanduku kinachosoma anwani. Kabla yake kulikuwa na kifaa kilichoitwa daraja, kilichounganisha vipande viwili vya mtandao na kuzuia fremu zisivuke bila sababu. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani ilitoa kifaa chenye poti saba, kila poti ikiwa kama daraja lake. Hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa swichi ya kwanza ya Etheneti kuuzwa sokoni. Mwaka 1994 Kalpana ilinunuliwa na kampuni ya Cisco.

Swichi inajuaje nani yuko wapi? Hakuna mtu anayeiandikia. Inajifunza yenyewe. Tufuate hatua kwa hatua katika maabara yetu ya Kaniha:

Hatua ya 1. Swichi inawashwa asubuhi. Jedwali lake la anwani ni tupu.

Hatua ya 2. Kompyuta ya mwanafunzi, iliyochomekwa poti ya 3, inatuma fremu kwa seva iliyoko poti ya 8. Swichi inasoma anwani ya mtumaji na kuandika: anwani hii iko poti ya 3.

Hatua ya 3. Swichi inatafuta anwani ya mpokeaji kwenye jedwali. Haipo bado. Basi inatoa fremu kwenye poti zote isipokuwa ya 3. Kwa fremu hii moja imefanya kama habu.

Hatua ya 4. Seva inajibu. Swichi inasoma anwani ya seva kama mtumaji na kuandika: anwani hii iko poti ya 8. Mpokeaji wa jibu hilo tayari anajulikana, kwa hiyo fremu inapelekwa poti ya 3 peke yake.

Hatua ya 5. Tangu hapo mazungumzo ya wawili hao yanapita kati ya poti ya 3 na ya 8 tu. Wengine hawasikii kitu.

Angalia jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea kwenye mtihani: swichi hujifunza kutoka anwani ya mtumaji, lakini huamua njia kwa anwani ya mpokeaji. Tena kumbukumbu hiyo si ya kudumu. Kompyuta ikikaa kimya muda fulani, ambao katika swichi nyingi ni sekunde 300, mstari wake unafutwa. Ndiyo maana ukihamisha kompyuta kutoka poti moja kwenda nyingine, mtandao haupotei.

Kwa sababu swichi inasoma anwani za fremu, tunasema inafanya kazi katika tabaka la pili la mtandao. Pia ina kumbukumbu ya kuhifadhi fremu kwa muda mfupi. Fremu mbili zikitaka poti moja kwa pamoja hazigongani, bali moja inasubiri zamu. Na kompyuta iliyounganishwa na swichi inaweza kutuma na kupokea kwa wakati mmoja, hivyo ile adabu ya kusikiliza kwanza haihitajiki tena.

4. HESABU YA KASI

Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa hiyo twende taratibu. Wanafunzi wote 20 wanafungua kwa pamoja video ya somo iliyo kwenye seva. Video ina ukubwa wa megabaiti 30. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo video ni megabiti 240. Kwa wanafunzi 20 jumla ni megabiti 4,800.

Kwa habu ya megabiti 10 kwa sekunde: 4,800 ÷ 10 = sekunde 480, yaani dakika 8. Hapo hatujahesabu migongano, kwa hiyo kwa kweli ni zaidi.

Kwa swichi ambayo kila poti ina megabiti 100: je, kila mwanafunzi atapata video yake kwa sekunde 2.4? Hapana. Video zote zinatoka kwa seva moja, na seva ina waya mmoja wa megabiti 100. Basi ni 4,800 ÷ 100 = sekunde 48.

Kwa swichi yenye poti za wanafunzi za megabiti 100 na poti ya seva ya megabiti 1,000: 4,800 ÷ 1,000 = sekunde 4.8.

Fundisho: swichi huondoa msongamano wa katikati, lakini haiwezi kupanua njia iliyo nyembamba mwishoni. Faida yake huonekana zaidi pale mazungumzo yanapokuwa kati ya wengi na wengi. Kompyuta 20 zikibadilishana kazi mbili mbili, jozi zote 10 zinaweza kwenda kwa kasi kamili kwa wakati mmoja. Kwenye habu, jozi moja inasema na tisa zinangoja.

Sasa tuseme video ile ile haipo kwenye seva bali kwenye intaneti, na shule ina laini ya intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde. 4,800 ÷ 5 = sekunde 960, yaani dakika 16. Hapo hata ukileta swichi ya bei kubwa kuliko zote, dakika zitabaki 16. Kwa hiyo mkuu wa shule akiambiwa kwamba intaneti ni ya polepole na dawa ni kununua swichi mpya, ana haki ya kuuliza: mnapima kati ya kompyuta na seva, au kati ya shule na dunia?

Kwa maeneo yetu jibu zuri mara nyingi ni kuleta masomo ndani ya shule. Kuna programu za bure kama Kolibri, yenye masomo na mazoezi, na Kiwix, inayowezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Ukiziweka kwenye seva ya shule na kuunganisha seva hiyo kwa swichi nzuri, maabara ya Kaniha inafanya kazi hata siku ambayo mnara wa simu umezimika.

5. SUALA LA SIRI

Kasi ni jambo la kwanza ambalo watu huliona. Siri ni jambo ambalo hawalioni mpaka madhara yametokea.

Rudi kwenye shule yetu ya mfano. Mwalimu wa hisabati anamaliza kutunga mtihani wa muhula na kuutuma kwenye mashine ya kuchapia. Mashine nyingi za kawaida hupokea kazi bila kufichwa kwa namna yoyote: maandishi yanasafiri kwenye waya kama yalivyo. Ikiwa ofisi na maabara zimeunganishwa kwa habu, nakala ya kila fremu ya mtihani huo inafika kwenye kompyuta zote 20 za wanafunzi. Kadi za mtandao zimefundishwa kutupa fremu zisizo zao, lakini kuna programu halali za ukaguzi wa mtandao, kama Wireshark, zinazoiambia kadi isitupe kitu. Mwanafunzi mmoja mdadisi anatosha. Hahitaji kuvunja mlango wala kuiba nywila. Mtihani umeletwa mezani kwake.

Ni vivyo hivyo kwa orodha ya ada, matokeo, taarifa za afya za wanafunzi, na nywila za mifumo ya ndani ambayo haina ulinzi. Tovuti nyingi za leo huficha data kabla ya kuituma, na anwani zake huanza na https. Hizo mtu wa kati hataweza kusoma yaliyomo. Lakini mifumo midogo ya ndani ya shule mara nyingi haina kinga hiyo.

Jambo hili lina upande wa sheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini. Kwa hiyo mwanafunzi hapaswi kusikiliza, na shule nayo haipaswi kumwekea data ya wengine mezani.

Je, swichi inamaliza tatizo? Inalipunguza sana, haliishi. Tumeona kwamba swichi hutoa fremu kwenye poti zote pale isipomjua mpokeaji, na hufanya hivyo pia kwa matangazo yaliyokusudiwa kwa wote. Zaidi ya hapo, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuijaza jedwali lake kwa anwani za uongo, au kuzidanganya kompyuta nyingine kwamba yeye ndiye seva. Swichi ilitengenezwa kupanga foleni, si kulinda mlango. Kwa siri za kweli tumia mifumo inayoficha data, na mtandao wa ofisi utenganishwe na wa wanafunzi. Swichi zinazosimamiwa kwa mipangilio huweza kugawanya mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa isiyoonana, inayoitwa VLAN. Shule isiyo na swichi ya aina hiyo inaweza kutenga ofisi kwa swichi yake ndogo isiyounganishwa kabisa na ya maabara.

6. TOFAUTI KWA UFUPI

1. Habu hurudia ishara za umeme bila kusoma kitu. Swichi husoma anwani ya MAC ya kila fremu.
2. Habu hupeleka kila fremu kwa wote. Swichi hupeleka kwa mhusika, isipokuwa pale isipomjua au panapokuwa na tangazo la wote.
3. Habu haina kumbukumbu. Swichi ina jedwali la anwani na nafasi ya foleni.
4. Katika habu kasi ni moja kwa wote. Katika swichi kila poti ina kasi yake.
5. Katika habu ni kutuma au kupokea. Katika swichi ni kutuma na kupokea kwa pamoja.
6. Habu nzima ni uwanja mmoja wa migongano. Katika swichi kila poti ni uwanja wake.
7. Habu ni ya tabaka la kwanza. Swichi ya kawaida ni ya tabaka la pili.

7. SWICHI ILIYOBADILISHA NJIA YA NCHI

Wazo la swichi, yaani kumpeleka kila mmoja moja kwa moja kwa anayemtaka, halikuishia maabarani. Mfano mzuri uko kwa jirani zetu Kenya. Kabla ya mwaka 2000, barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ya hapo hapo Nairobi ilipanda setilaiti, ikafika Ulaya au Marekani, ndipo ikarudi. Ilikosa mahali pa kukutania nyumbani.

Mnamo Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua kituo cha kubadilishana data, kinachojulikana kama KIXP. Kiini cha kituo cha namna hiyo ni swichi ya Etheneti: kila kampuni inaleta waya wake, na swichi inapeleka fremu kwa kampuni husika. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na baada ya majuma machache kituo kikafungwa kwa amri ya mamlaka ya mawasiliano. Kampuni zilijitetea kwamba data ya ndani haikuwa mawasiliano ya kimataifa. Baada ya mabishano marefu kituo kilipata leseni na kufunguliwa tena Februari 2002. Ripoti iliyotolewa mwaka 2012 kuhusu kituo hicho ilionyesha kwamba muda wa data kwenda na kurudi ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kuwa milisekunde 2 hadi 10. Tanzania nayo ina vituo vyake, kikiwemo TIX cha Dar es Salaam.

8. WI-FI NI NDUGU YA HABU

Wengine husema: sisi hatuna haja ya nyaya, tuna Wi-Fi. Ni vema kujua unachokipata. Wi-Fi hutumia hewa, na hewa ni ya wote, kama ilivyokuwa Hawaii. Katika masafa mamoja, vifaa husubiriana zamu. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi hugawanywa kwa wote walioungana, na kifaa kilicho mbali chenye ishara dhaifu hutumia muda mrefu zaidi wa hewa na kuwachelewesha wengine. Mitambo mipya imepunguza tatizo hili, lakini haijaliondoa.

Kwa hiyo ushauri wa kawaida ni huu: kompyuta zisizohama, seva na mashine ya kuchapia ziunganishwe kwa waya kwenye swichi, Wi-Fi ibaki kwa simu na kompyuta mpakato. Na Wi-Fi hiyo iwe na nywila, kwa kuwa hewa haina ukuta.

9. USHAURI KWA SHULE NA PAROKIA

Kutambua kifaa. Soma maandishi juu ya kisanduku na karatasi iliyobandikwa chini. Kama limeandikwa neno HUB, au kuna taa yenye herufi COL inayoonyesha migongano, au kasi pekee iliyotajwa ni 10, elekea kuamini kwamba ni habu. Kama hakuna maandishi, unganisha kompyuta tatu za kwako. Mbili zizungumze, ya tatu iwashe Wireshark. Ikiona mazungumzo ya wenzake mfululizo, hiyo ni habu. Usichanganye pia na habu ya USB, ambayo ni ya kuongeza matundu ya kompyuta moja tu.

Ununuzi. Ukiletewa habu kwa bei nafuu, usinunue. Kwa maabara kama yetu chagua swichi ya poti 24 zenye kasi ya megabiti 1,000. Poti zinazobaki ni akiba.

Nyaya. Waya wa shaba usizidi mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta. Kati ya jengo na jengo ni salama zaidi kutumia waya wa kioo au redio, kwa sababu waya wa shaba ulio nje huweza kuingiza nguvu ya radi. Kandokando ya Ziwa Victoria radi ni nyingi. Mvua ikitanda, chomoa umeme.

Kitanzi. Usichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi hiyo hiyo. Tangazo la wote litazunguka bila mwisho na mtandao wote utasimama. Mwanamama Radia Perlman alibuni dawa ya tatizo hili mwaka 1985, lakini swichi nyingi za bei ndogo hazina dawa hiyo. Maabara ikizimika ghafla na taa zote za swichi zikiwaka kwa pamoja bila kutulia, anza kutafuta waya wa namna hiyo.

10. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Swichi inapopokea fremu, inasoma anwani ipi ili kujifunza, na ipi ili kuamua njia?
2. Kwa nini mtihani unaotumwa kwenye mashine ya kuchapia si salama katika mtandao wa habu?
3. Wanafunzi 12 wanafungua kitabu cha megabaiti 50 kutoka kwa seva yenye waya wa megabiti 100 kwa sekunde. Itachukua angalau sekunde ngapi? (Jibu: 48.)
4. Taja hali mbili ambazo swichi hupeleka fremu kwa poti zote.
5. Shule ina swichi nzuri lakini intaneti ni ya polepole. Toa sababu moja na njia moja ya kuwasaidia wanafunzi bila kuongeza laini.

Ndugu msomaji, chukua karatasi uchore mtandao wa mahali unaposoma au unapofanya kazi: kila kompyuta, kila waya, na kisanduku kilicho katikati. Andika pembeni yake kama ni habu au swichi, na waya wa ofisi unaishia wapi. Ukiona waya wa mashine ya kuchapia mitihani unaishia kwenye kisanduku kimoja na maabara ya wanafunzi, mpelekee mkuu wa shule mchoro huo kabla ya muhula wa mitihani.